Pura Besakih, Hekalu Mama la Bali: Tathmini ya Ziara ya Nusu Siku

Pura Besakih, ambalo Wabali hulitaja kuwa hekalu mama la kisiwa chao, halikujengwa kwa ajili ya wageni, na mtu anayetaka kulipima kwa haki hana budi kuanzia hapo. Mimi na mke wangu tulilizuru mwezi wa Aprili, tukawa huko tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, na gharama zote tulilipa wenyewe. Naandika kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili ambaye ameshakata tiketi ya kwenda Bali na anajiuliza kama inafaa kutoa siku ya likizo yake kupanda mlimani ilhali ufuko u mlangoni pa hoteli. Inafaa, tena sana, mradi akubali kutembea polepole na mwongoza watalii wa kijijini na kumsikiliza. Bila yeye ataona ngazi, kuta za mawe meusi na mapaa marefu, atapiga picha zake, kisha atarudi hotelini akiwa hajaelewa alikotoka.

Hekalu liko katika kijiji cha Besakih, wilaya ya Karangasem, kwenye mteremko wa kusini-magharibi wa Gunung Agung, mlima wa volkano unaozidi mita 3,000. Lenyewe limekaa karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni ya ubaridi na ukungu hushuka ghafla, jambo ambalo sisi watu wa pwani tunapaswa kulikumbuka tunapofunga mizigo. Kutoka mji wa Ubud tulitumia muda unaokaribia saa mbili kwa gari. Ni vyema kuondoka mapema, kwa sababu kilele huonekana vizuri asubuhi kabla ya mawingu kukifunika, na bila kukiona kilele ni vigumu kuelewa kwa nini hekalu limewekwa pale. Kwa Wabali mlima huo ni makao ya miungu na ya roho za wahenga, na hata dira yao huanzia hapo: husema kaja kwa upande wa mlimani na kelod kwa upande wa baharini, na kwa dira hiyo hupanga kijiji, nyumba, hata upande wa kulaza kichwa usiku.

Kabla ya kufika langoni nilipata funzo ambalo nisingependa msomaji alilipie kama nilivyolilipia mimi. Dereva tuliyempata kupitia wakala mmoja alisimama mbele ya duka la kando ya barabara, na muuzaji akatuambia kwamba haruhusiwi mtu kuingia hekaluni bila kununua kwake saruni na sadaka. Nililipa, kwa kuwa sikutaka kuianza siku kwa mabishano karibu na mahali patakatifu pa watu wengine. Tulipofika nikagundua kwamba saruni imo ndani ya bei ya tiketi, kwamba mgeni asiyekuja kusali hadaiwi sadaka yoyote, na kwamba kikoi nilichokuwa nacho mkobani kingetosha kabisa. Miaka ya nyuma wasafiri wengi walilalamikia usumbufu wa namna hiyo hata kwenye ngazi za hekalu. Siku tuliyokwenda sisi, ndani ya eneo lenyewe hatukuuona.

Utaratibu wa sasa unastahili kusifiwa. Magari huishia kwenye jengo kubwa la maegesho lililo chini ya hekalu. Mgeni kutoka nje ya Indonesia hulipa rupia 150,000, yaani karibu dola 9 za Marekani, na ndani ya fedha hiyo hupata saruni ya kuazima, kigari cha umeme cha kumpandisha hadi karibu na lango, na mwongoza watalii wa kijiji hichohicho. Kiasi hicho kisichanganywe na rupia 150,000 nyingine ambazo serikali ya jimbo la Bali humtoza kila mgeni wa kigeni anayeingia kisiwani, ushuru ulioanza tarehe 14 Februari 2024. Saruni walizotupa zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa vizuri, na mhudumu alitufunga juu yake ukumbuu wa rangi ya njano, ambao kwa mafundisho yao hufunga tamaa za mwili zisipande juu mtu anapokaribia mahali pa ibada.

Mwongoza watalii tuliyepangiwa alikuwa kijana wa makamo, amevaa shati jeupe, saruni na kilemba cheupe cha Kibali kiitwacho udeng. Sitalitaja jina lake, ingawa lenyewe halina siri nyingi: Wabali wengi hupewa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa, na la kwake lilieleza tu kwamba ni mtoto wa pili. Alituita Bapak na Ibu tangu mwanzo hadi mwisho, kama sisi tunavyosema Baba na Mama kwa mtu yeyote tunayemheshimu. Jambo la kwanza alilofanya ni kutusimamisha mbele ya bango la masharti na kulifafanua kwa sauti ya chini: mwanamke aliye katika hedhi haingii, wala mtu mwenye msiba mpya katika ukoo wake, kwa kuwa kifo huwaacha walio hai katika hali ya uchafu wa kiibada ambayo Wabali huiita cuntaka. Akaongeza kwamba binamu yake, ambaye naye ni mwongoza watalii, hakuja kazini juma hilo kwa sababu hiyohiyo. Msomaji aliyelelewa katika kanuni za twahara hatahitaji maelezo marefu hapa. Nilichokithamini ni kwamba kijana huyu hakuomba radhi kwa ajili ya masharti hayo wala hakuyalainisha ili yatupendeze sisi.

Besakih si jengo moja. Ni mkusanyiko wa mahekalu 23 yaliyotawanyika kwenye mteremko, mengine yakiwa na njia ya kutembea kwa dakika nyingi kati yake, na yameunganishwa kwa ibada kuliko yalivyounganishwa kwa kuta. Kubwa kuliko yote ni Pura Penataran Agung, lililopanda mlima ngazi kwa ngazi, nyua zake zikipangana kuelekea kileleni. Mgeni hulikabili kwanza kwa lango la candi bentar, ambalo ni kama mnara uliopasuliwa katikati kwa kisu, vipande viwili vikasogezwa kando ili watu wapite. Kandokando ya ngazi zimesimama sanamu za mawe za watu wa Mahabharata na Ramayana, tenzi mbili kuu za Wahindu, nyingi zikiwa zimefungwa kitambaa cha mirabaraba myeusi na myeupe. Juu zaidi, nyuma ya ukuta, huonekana meru, minara ya mbao yenye mapaa yaliyopandana, yakifunikwa kwa nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya mitende. Idadi ya mapaa huwa haigawanyiki kwa mbili, na minara ya heshima ya juu kabisa ina mapaa 11.

Hapo ndipo watalii wengi huishia, na nakiri kwamba kama kijana wetu angeendelea kutaja majina tu, ningekuwa mmoja wao. Badala yake alitukalisha kwenye ukingo wa ukuta, akatoa mfukoni mwa mkoba wake canang sari tatu alizokuwa amezinunua asubuhi kwa mama mmoja kijijini, akaweka mbili pembeni na ya tatu mkononi mwa mke wangu. Canang sari ni sadaka ya kila siku ambayo mgeni huikanyaga kwa bahati mbaya kwenye njia za miguu kote Bali. Ni kisahani cha mraba kilichotengenezwa kwa ukuti mchanga wa mnazi na kubanwa kwa vijiti vyembamba vya mwanzi, upana wake hauzidi kiganja. Tulikuwa tumeona mamia yake na kudhani ni maua tu.

Kijana akaanza kuifungua tabaka kwa tabaka. Chini kabisa kulikuwa na kifurushi kidogo cha jani la kijani, na kabla hajasema neno mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa Lamu, alikinusa na kusema, “Lakini hii si ni tambuu?” Ilikuwa tambuu kweli, pamoja na chokaa na kipande cha popoo, uraibu uleule ambao wazee wa pwani yetu huuweka kwenye kijaluba. Mwongoza watalii alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alieleza kwamba bila kifurushi hicho, kiitwacho porosan, sadaka haijawa sadaka hata ingejazwa maua ya thamani, kwa sababu vitu vyake vitatu ni ishara ya miungu mitatu ya Kihindu: popoo ni nyekundu kwa ajili ya Brahma, jani la tambuu ni la Wisnu, na chokaa nyeupe ni ya Siwa. Juu ya tabaka hilo yalikuja maua, kila rangi na upande wake: meupe mashariki, mekundu kusini, ya njano magharibi, ya samawati kaskazini. Katikati, kama shada, palikuwa na majani ya mkadi yaliyokatwakatwa membamba. Mke wangu alinyamaza kidogo, kisha akamweleza yule kijana kwamba bibi yake alikuwa akishona na kuuza vikuba, vile vishada vya majani na maua yanayonukia, na kwamba mkadi na asumini ndiyo harufu ya kila harusi aliyopata kuhudhuria utotoni.

Kisha kijana akafanya jambo lililotufungulia mahali pote. Aliigeuza canang ile juu ya ukuta mpaka upande wa maua ya samawati ukaelekea kaskazini hasa, akanyoosha mkono na kutuonyesha: mashariki, Pura Gelap, ambalo rangi yake ni nyeupe; kusini, ng’ambo ya bonde, Pura Kiduling Kreteg la Brahma, ambalo siku za sherehe hupambwa kwa vitambaa vyekundu; magharibi, Pura Ulun Kulkul, rangi yake njano; kaskazini, Pura Batu Madeg la Wisnu, rangi yake nyeusi. Sisi tulikuwa tumeketi katikati, kwenye Penataran Agung, hekalu la Siwa, pale ambapo kwenye kisahani palikuwa na mkadi. Kile nilichokidhania kuwa vumbi la maua kwenye mlango wa hoteli kilikuwa ramani ya mlima mzima, na kila mwanamke wa Bali anayekisuka asubuhi hulijenga Besakih upya kwa ukuti na maua mezani pake. Tangu hapo sikuhitaji tena kuuliza hekalu lipi ni lipi.

Mgeni asiye Mhindu haruhusiwi kuingia katika nyua za ndani, na watu wengine hulihesabu jambo hilo kuwa kasoro ya huduma. Siafikiani nao hata kidogo. Njia ya wageni hupanda kando ya ukuta, na ukuta wenyewe ni mfupi mahali pengi, kwa hiyo kinachofanyika ndani huonekana bila kumwingilia mtu. Tulifika katika majuma ya Bhatara Turun Kabeh, sherehe ya mwezi mpevu wa mwezi wa kumi wa kalenda ya Kibali, ambapo huaminiwa kwamba miungu yote hushuka kwa pamoja kwenye hekalu hili, na familia zilikuwa zikiwasili kutoka kila pembe ya kisiwa. Wanawake walipanda ngazi wakiwa wamebeba vichwani minara ya matunda na keki za mchele iliyopangwa kwa ustadi, bila kuishika kwa mkono. Mlio wa upatu wa shaba na ngoma ulisikika tangu chini.

Mahali pa juu pa ua ule pamewekwa padmasana tiga, viti vitatu vya mawe vilivyosimama pamoja juu ya msingi mmoja, virefu kuliko mtu, na vyote vitatu havina sanamu juu yake. Niliuliza nani hukalia, na jibu likawa kwamba anayeabudiwa hana umbo. Chini ya viti hivyo watu waliketi sakafuni kwa safu, wanaume wakiwa wamekunja miguu na wanawake wamepiga magoti, na sala yao niliifuatilia kutoka mwanzo hadi mwisho. Waliinua viganja vilivyounganishwa hadi juu ya paji la uso mara tano: mara ya kwanza mikono mitupu, kisha wakiwa wameshika ua kwa ncha za vidole, na mara ya mwisho mitupu tena. Padri wa hekalu, pemangku, alipita kati yao akiwanyunyizia maji matakatifu, akawatilia viganjani, wakanywa mara tatu na kujipangusa usoni mara tatu. Mwisho kila mmoja alichukua punje chache za mchele uliolowa na kujibandika kwenye paji la uso. Mbele yangu mama mmoja alimbandikia mwanawe wa miaka kama minne, punje zikaanguka, akazibandika tena, zikaanguka tena, mpaka nyanya yake alipolowesha kidole na kuzikandamiza kwa upole zikashika.

Mwongoza watalii alitupeleka pia kutazama kwa mbali mahekalu ya koo, yaitwayo pedharman, ambako kila ukoo mkubwa huwakumbuka wahenga wake. Maelezo ya hapo yalikuwa ya haraka mno kwa matakwa yangu, na mvua ilikuwa imeanza.

Kuhusu mlima wenyewe alizungumza kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 1963 Wabali walikuwa wakiandaa Eka Dasa Rudra, sherehe kubwa kuliko zote, ambayo kwa kawaida hufanyika mara moja kila miaka 100, wakati Gunung Agung ulipoanza kulipuka mwezi wa Februari. Sherehe iliendelea. Tarehe 17 Machi ukaja mlipuko uliosababisha vifo vya watu zaidi ya 1,000 katika vijiji vya mteremkoni, na mtiririko wa uji wa volkano ukapita mita chache tu kutoka hekaluni. Wengi waliona kwamba hekalu limenusurika kwa muujiza. Wapo pia waliosema kwamba mwaka ulikuwa umechaguliwa vibaya na miungu ilikuwa imekasirika. Sherehe ikafanywa tena mwaka 1979, safari hii mwaka wa kalenda ya Saka ukitimia 1900. Babu wa kijana wetu aliziona zote mbili. Mlima uliamka tena mwaka 2017, wanakijiji wakahamishwa, wakarudi, na kijana aliyasimulia haya akiwa ameutazama mlima, bila kuigiza hofu kwa ajili yetu.

Sasa kasoro, kwa maana zipo. Ngazi ni nyingi na zina mwinuko mkali, mvua inaponyesha mawe huteleza, na kigari cha umeme hakimsaidii mtu kupita lango. Mzee mwenye magoti mabovu ataona sehemu ya chini tu, na bei yake haipungui. Mabango ya maelezo ni machache na mafupi, kwa hiyo mgeni anayeukataa msaada wa mwongoza watalii hana pa kujisomea. Vyoo vya kwenye maegesho ni safi, lakini ukishapanda usitegemee kingine karibu. Chakula si sababu ya kwenda Besakih: vibanda vya njiani huuza wali na vitoweo vya kawaida, na kwa kuwa Wabali wengi hula nyama ya nguruwe, Mwislamu atafute kibanda kilichoandikwa halali au abebe chakula chake kama tulivyofanya sisi. Anayepanga tarehe azingatie pia Nyepi, siku ya ukimya inayoufungua mwaka wa Saka, kwa kawaida mwezi wa Machi, ambapo kisiwa chote hukaa ndani, taa huzimwa na uwanja wa ndege hufungwa kwa saa 24. Siku hiyo hakuna ziara ya aina yoyote.

Malipo ya mwongoza watalii yamo kwenye tiketi na hakutudai chochote. Tulimpa ziada kwa hiari yetu, naye akaipokea kwa mikono miwili. Tulipokuwa tukisubiri kigari cha kuturudisha chini, mke wangu alimkumbusha kuhusu canang aliyoifungua, akidhani angeitoa sadaka kabla ya kwenda nyumbani. Alitikisa kichwa. Akaeleza kwamba kilichokwisha kushikwashikwa na kunuswa hakipelekwi tena mbele ya miungu, na akamwomba abaki nayo yeye. Kisha alizitoa zile mbili nyingine mkobani, ambazo hakuna aliyekuwa amezigusa, akaenda mpaka chini ya lango, akaziweka, akawasha ubani, akachuchumaa hapo huku moshi ukipanda kuelekea mlimani.